Jina Alilouziwa Mwalimu Balidawa

Hamjambo, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni viti karibu na redio. Mimi ni Wacera, na jioni hii tunamkumbuka mtu aliyezikwa Gatitu, pembeni mwa mji wa Nyeri, mwezi uliopita. Msalaba wake una majina mawili. Nitawaeleza kwa nini.

Nilikuwa kwenye mazishi hayo. Manyunyu ya Julai yalikuwa yanaanguka, yale yetu yasiyojua kukoma. Watu hawakuwa wengi. Walikuwepo waumini wa kanisa lake, wenzake wa kiwanda cha mbao pale Skuta, na majirani wachache waliokuja kuona kama kumepikwa. Mzee wa kanisa akasema, kama ilivyo desturi, sasa tumsikie mtu wa ukoo wa marehemu. Kwa kawaida hapo husimama mjomba, husimama ndugu, na wakishashika nafasi hawajui kunyamaza. Siku hiyo hakusimama mtu. Mzee akauliza tena.

Wasikilizaji wapendwa, marehemu aliitwa Yokana Balidawa. Narudia, Yokana Balidawa. Alizaliwa Iganga, nchini Uganda, na alikuwa mwalimu wa hesabu. Lakini hapa Nyeri, kwa miaka mingi, tulimjua kama Kingori.

Alikuja mwaka wa sabini na tatu. Kule Uganda wanajeshi walikuwa wamewachukua walimu wenzake wawili, na hawakuonekana tena. Mama yake, mjane aliyeitwa Namukose, ndiye aliyemwambia akimbie. Alimfungia vyeti vyake vya ualimu ndani ya kitambaa cha meza, akamwambia, "Hivi ndivyo vitakavyokulisha." Yokana alivuka mpaka, akasikia kwamba shule za harambee huku mlimani, zile zinazojengwa kwa michango ya wananchi, zinatafuta walimu, akapanda basi hadi Nyeri.

Na ni kweli zilikuwa zinawatafuta. Angeingia ofisi ya serikali mwenyewe, aseme mimi ni mkimbizi na hivi ni vyeti vyangu, angeandikishwa bure. Wenzake wengi walifanya hivyo. Baadhi yenu mnaonisikiliza mlifaulu hesabu kwa sababu yao. Lakini Yokana alikutana na Gicheru kwanza.

Gicheru hakuwa na ofisi. Alikuwa na meza katika hoteli ya chai ya Rashid, ng'ambo ya barabara kutoka ofisi za serikali, na mkoba mweusi. Alijiita mshauri wa wageni. Alijua kuchagua watu wake. Mtu aliyevaa shati jepesi katika baridi ya Nyeri ni mgeni, huna haja ya kumwuliza.

Rashid bado yuko na hoteli yake. Nilimtembelea, akanisimulia.

"Huyo kijana alikuwa anatetemeka," alisema. "Gicheru akamwambia, ati ukiingia hiyo ofisi utafungwa pingu urudishwe kwa askari wenu. Niachie mimi, nitakutolea kitambulisho, kipande ya mtu wa hapa. Utaitwa Kingori. Baba yako alikuwa kibarua huko Rift Valley, mama yako aliitwa Ngendo, na wote walikufa. Sasa hizi karatasi ziko na jina ingine, zitakuponza. Akazichukua, akaingia jikoni kwangu, akazitia kwa moto. Mimi nilifikiri ni takataka."

Rashid akafuta meza ambayo ilikuwa safi tayari. "Babu yangu aliletwa hapa na Wazungu," akasema. "Mimi nimezaliwa hapa Majengo, na bado naulizwa natoka wapi. Angeniuliza, ningemwonyesha mlango wa ofisi. Lakini nani anauliza muuza chai mambo ya serikali?"

Gicheru alichukua pesa zote alizokuwa nazo kijana, na saa yake ya mkononi pia. Yokana akatoka pale na kipande cha mtu ambaye hajawahi kuishi. Vyeti vyake vilikuwa majivu. Basi mwalimu wa hesabu akawa mbeba mbao.

Sisi watu wa Nyeri tunajijua. Kwetu mtu hasalimiwi tu, anahojiwa. Wewe ni wa mbari ya nani? Ulitahiriwa na rika gani? Hilo jina la Kingori ulirithi kwa babu yupi? Yokana alijifunza kuondoka kabla ya maswali kuanza. Hakunywa na wenzake, kwa kuuogopa ulimi wake mwenyewe. Kanisani alikaa kiti cha mwisho, akatoka kabla ya wimbo kwisha. Kiwandani walimbandika jina la Mkimya. Lugha ya mama yake hakuwa na mtu wa kuisema naye, mwaka ukaingia, mwaka ukatoka.

Wachuka, binti wa Kerugoya aliyekuwa akiuza viazi sokoni Nyeri, alimpenda kwa ukimya huo huo. "Nilikuwa nimechoka na wanaume wa kelele," aliniambia. Wakaoana. Mwaka wa sabini na tano wakapata msichana.

Msichana wa kwanza, kama mjuavyo, hupewa jina la mama wa baba yake. Na baba humwita "maitu", yaani mama yangu, kwa sababu mama yake amezaliwa tena nyumbani mwake. Basi mtoto akaitwa Ngendo. Fikirieni hapo, wasikilizaji. Mtoto amepewa jina la nyanya aliyebuniwa na Gicheru juu ya kikombe cha chai. Mimi jambo hili hunikasirisha mpaka leo.

Wachuka ndiye aliyegundua. "Nilimpelekea uji shambani," alisema. "Nikampata amebeba mtoto, anamwambia maneno sielewi. Anamwita Namukose. Mimi nikajua ako na mwanamke mwingine. Nikamwuliza, huyo Namukose ni nani? Akakaa chini kwa matope. Akasema, ni mama yangu, na ako hai."

Wachuka alifunga nguo zake, akambeba mtoto, akarudi kwao Kerugoya. Simlaumu. "Nilikaa huko nikijiuliza, mimi ni bibi ya nani? Lakini mtoto alikuwa analia anataka baba yake. Na huyo baba alikuwa mmoja tu, aitwe vile ataitwa." Akarudi Gatitu, na siri wakawa wanaibeba wawili.

Mwaka wa sabini na tisa utawala ule wa kijeshi kule Uganda ulianguka. Walimu wengi walifunga mizigo wakaenda kwao. Yokana alimtuma mmoja wao akamwambie Namukose kwamba mwanawe yu hai na ana mjukuu. Jibu lilichukua miezi, na lilikuja kwa mdomo. Mama alisema: "Wamekuja wengi na jina la mwanangu. Mmoja alisema yuko jela, akataka mbuzi wa kumtoa. Mwingine akasema yuko hospitali, akataka mbuzi mwingine. Mwanangu tulimlilia, na matanga tuliyamaliza. Kama yu hai, na aje mwenyewe."

Mnaona? Akina Gicheru hawako upande mmoja tu wa mpaka.

Na aje mwenyewe. Tangu siku ile Yokana hakutaka kitu kingine duniani ila kusimama mlangoni kwa mama yake, kwa jina lake. Lakini angevuka mpaka na kipande cha Kingori, ikigunduliwa angerudi vipi kwa Wachuka na mtoto?

Basi mwaka wa themanini, kwenye baraza la chifu, watu walilalamika wee, juu ya barabara na juu ya ng'ombe wanaoingia mashambani. Kisha Mkimya akasimama. Alisema, "Mimi si Kingori. Kipande hii niliuziwa. Niliambiwa serikali itanirudisha, na serikali yenyewe sikuiuliza. Naomba kila mtu anayejiita mshauri wa wageni aandikishwe, ajulikane, na akidanganya kuwe na mahali pa kumshtaki. Sasa mnaweza kunishika."

Wakamshika. Alifungwa miezi kadhaa kwa kutumia kipande cha uongo. Gicheru naye aliitwa kortini, na Rashid akaeleza aliyoyaona jikoni kwake. Gicheru akatozwa faini, akailipa siku hiyo hiyo, akauhamishia mkoba wake mji mwingine. Wasikilizaji wapendwa, muuza mandazi barabarani anahitaji leseni. Muuza majina ya watu haulizwi.

Ila chifu alisimamisha ubao nje ya ofisi: mgeni, kujiandikisha ni bure, ingia ndani. Na Yokana alipotoka jela, kila Jumamosi alikuwa kituo cha mabasi, akitafuta mtu aliyevaa shati jepesi. Alimshika mkono, akamvusha barabara, akamfikisha mlangoni. Kwa wengine mlango ulifunguka. Kwake yeye waliuliza, una nini cha kuonyesha kwamba wewe ni Balidawa? Hakuwa na kitu. Shule yake kule Iganga ilikuwa imeporwa kila karatasi. Akaambiwa asubiri, na akasubiri.

Mwaka wa themanini na nne, msafiri mmoja pale kituoni alimpa habari kwamba Namukose amefariki. "Alikuja nyumbani mchana," Wachuka alikumbuka. "Akamwita mtoto. Akamwambia, maitu, nimechelewa."

Kifua kilimwangusha Julai hii, baada ya miaka mingi ya vumbi la mbao. Alikufa akiwa bado anasubiri.

Sasa turudi kaburini. Mzee wa kanisa alikuwa ameuliza mara ya pili, na alikuwa anafungua kitabu cha nyimbo ili tuendelee. Ndipo aliposimama msichana wa miaka kumi na miwili, amevaa sweta ya shule. Ni yule aliyepewa jina la Ngendo. Baba yake alipotoka jela, alimpeleka kanisani akampa jina lake la haki, Namukose.

Alisema, "Mimi ndio mama yake. Alikuwa ananiita hivyo kila siku. Mimi niko hapa."

Akaketi. Mzee wa kanisa akavua kofia yake kwenye manyunyu. "Basi," akasema, "mama wa marehemu ameongea."

Pole sana, Wachuka. Pole, Namukose, mama mdogo. Mungu awashike mkono. Na wewe unayenisikiliza, kesho ukimwona mtu anatetemeka kwenye baridi yetu, acha kwanza kumwuliza mbari yake. Mwulize kama anaujua mlango wa ofisi, na kama haujui, mvushe barabara.

Neno la mwisho ni la watu wa nyumba ya marehemu Namukose, huko Iganga, kama sauti hii inawafikia. Mwaka mliomlilia, Yokana alikuwa hai. Amefariki Julai hii, amelala Gatitu, na msalabani jina lenu ndilo liko juu, la Kingori chini yake. Najua wamekuja wengi kwenu na jina lake. Mimi siombi mbuzi. Nimewaletea habari zake tu, na poleni.