Maisha ya Mama Dobi, Aliyetia Uzi Mwekundu Kola za Mtaa Mzima

Ndugu, jamaa, majirani, nyote mliofika pamoja na wale ambao hatukuwatarajia, karibuni tumsindikize dada yetu, mama yetu na bibi yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Dobi.

Marehemu alizaliwa mwaka 1956, mtoto wa pili wa mvunja mawe na mkewe. Siku yenyewe haijulikani. Kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Julai, lakini tarehe hiyo aliitoa karani wa kambi ya vibarua ya hapa mjini, ambaye aliwapa watoto wote wa wakuja, yaani waliotoka nje ya mji, siku moja ili asijichoshe. Marehemu alikuwa akicheka, "Tulizaliwa kambi nzima siku hiyo. Wakunga walikoma!" Alifika mjini hapa akiwa na umri wa miaka sita, amekalishwa juu ya godoro nyuma ya lori, baba yake alipofuata kazi kwenye kiwanda cha saruji. Hakuhama tena. Tunalisema hili wazi kwa sababu wiki hii kumekuwa na maswali mengi kuhusu kwao ni wapi.

Shule alifika darasa la pili. Mwalimu wao aliwakalisha watoto wa kambini nyuma, kisha akawa anawasimamisha mmoja mmoja wasome kwa sauti, wenzao wapate kucheka matamshi yao. Siku moja zamu yake ilipofika, alisimama akasema, "Mwalimu, leo mchekeni mwingine, mimi nimechoka." Akachukua mfuko wake akatoka. Mama yake hakumchapa wala hakumbembeleza. Alimsogezea karai la nguo, akampa sabuni. Hapo ndipo alipoianza kazi iliyomlisha maisha yake yote, na kutulisha na sisi.

Mwaka 1974 alipanga chumba cha mbele kwenye barabara iendayo kiwandani. Alikuwa na pasi mbili za mkaa, meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, na kamba za kuanikia uani. Kwa kuwa kuandika hakujua, kila nyumba aliitilia alama yake kwa sindano, ndani ya kola au kwenye kiuno cha suruali. Nyumba hii uzi wa bluu, nyumba ile wa kijani mishono miwili. Hakuwahi kupoteza hata soksi. Nguo zenye vumbi la saruji alizitia uzi mwekundu, maana hizo lazima ziloweke peke yake, la sivyo zinaharibu nyingine. Siku hizo kazi za vumbi walizifanya wakuja tu. Wenyeji walikuwa ofisini na madukani. Kwa hiyo uzi mwekundu ukawa kwenye kola za wakuja, na hakuna aliyeliwazia jambo hilo, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kutoliwazia.

Mume wake alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda, mwenyeji wa mtaa huu, mtu mpole mwenye sauti nene. Alianza kwa kuleta sare yake ifuliwe kila siku.

"Mlinzi, shati hili si nimelifua jana?"

"Limechafuka."

"Limechafuka na nini? Mbona jeupe?"

"Basi pasi haikukolea. Rudia, mimi nitakaa hapa nisubiri."

Dada zake mlinzi walipopata habari walimjia juu. "Umekosa msichana mtaa mzima mpaka ukachukue wa kambini?" Akawajibu, "Kwani anaolewa na nyinyi?" Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 2 Septemba 1978. Mungu aliwajalia binti na mwana. Hao mawifi hawakuja harusini, lakini chakula cha marehemu walikila kwa miaka mingi, na sahani walizirudisha bila kuosha.

Mwaka 1992 kiwanda kilileta mashine mpya na watu wengi wakapunguzwa kazini. Yakaanza maneno kwamba wakuja ndio waliojaza nafasi. Kijana mmoja waliyemwita Kamanda, ingawa hakuwahi kuwa hata mgambo, alikusanya wenzake wakakaa njia panda kuzuia watu. Shida yao ilikuwa moja. Watoto wa kambini walikwisha kuwa watu wazima, wanaongea kama kila mtu, wamevaa kama kila mtu. Utamjuaje? Ndipo mmoja wao alipogundua ule uzi. Kuanzia hapo ikawa ni "Geuza kola!" Mwenye uzi mwekundu alipigwa vibao, akaambiwa arudi alikotoka.

Mdogo wa mwisho wa marehemu, ambaye marehemu alimlea kwa mkono wake, alikuwa ameolewa na fundi baiskeli, mtoto wa kambini aliyevaa mashati ya kiwandani ya baba yake. Jumamosi moja mchana huyo fundi alisimamishwa pale, kola ikageuzwa, akapigwa kwa mnyororo wa baiskeli yake mwenyewe. Kibanda chake kilibomolewa jua likiwa linawaka, na majirani wakabeba mabati. Mke wake anajua nani alibeba bati lipi. Fundi aliondoka na basi la kwanza, akasema atamwita mkewe akishapata pa kukaa. Hajamwita mpaka leo.

Marehemu alipoambiwa fundi amejulikana kwa kitu gani, aliitazama mikono yake. Kisha alimwambia mumewe, "Nenda sokoni. Uniletee uzi mwekundu wote utakaoukuta."

"Wote wa nini, mke wangu?"

"Wa kushonea, wa nini tena?"

Wiki nzima alishona. Kila nguo ya mwenyeji iliyoingia mle chumbani ilitoka na uzi mwekundu ndani. Mashati ya mwenyekiti wa mtaa, suruali za wenye maduka, magauni ya wake zao, na fulana za akina Kamanda wenyewe, ambazo mama zao walikuwa wakizileta. Hakuna aliyeona, kwa sababu nani hutazama ndani ya kola yake? Alijua wazi kwamba wakigundua, kazi yake imekwisha, na huenda na nyumba pia.

Jumatatu iliyofuata vijana, ambao sasa walikuwa wakigeuza kola ya kila apitaye, walimsimamisha bwana mmoja mwenye duka. "Geuza kola." Nyekundu. Wakatazamana. Akaja mtoto wa mwenyekiti, naye nyekundu. Wakawa wameduwaa pale njiani wakati mama yake Kamanda akitokea sokoni na kapu lake.

"Hebu na wewe geuza yako tuone," akamwambia mwanawe.

"Mama, niache, niko kazini."

"Kazi gani, wewe ambaye hata kitanda hutandiki?" Akamshika shingoni, akaigeuza mwenyewe. Nyekundu tupu. "Haya! Na wewe mkuja? Mimi nilikuzaa wapi, ndani ya basi?"

Watu walicheka mpaka madirishani. Kamanda aliondoka akiwa amejifunika shingo kwa mkono, na hakuna aliyegeuzwa kola tena katika mtaa huu.

Kicheko kilipokwisha, hasira zikaja. Walifika mlangoni kwake wakipiga kelele, "Umetutia alama ya watu wako!" Naye akawajibu kutoka mezani, pasi mkononi, "Ni uzi tu, jamani. Ukiwawasha, leteni niutoe." Dirisha lake lilivunjwa. Kwa mwaka mzima wenyeji walipeleka nguo zao kwingine, na marehemu na familia yake waliishi kwa mshahara wa mlinzi na nguo za kiwandani. Baadaye walianza kurudi mmoja mmoja, kwa maana huko kwingine nguo zao ziliungua. Aliwapokea kama vile walipita jana. Mdogo wake alimwuliza, "Dada, yaani unawafulia hawa?" Akasema, "Mimi nafua nguo, sifui watu." Mdogo wake hakukubaliana naye siku ile, na hajakubaliana naye mpaka sasa, lakini leo, akiwasomea maneno haya, anasema mbele yenu kwamba moyo kama ule hajauona kwa mtu mwingine.

Mumewe alifariki mwaka 2009, akazikwa katika makaburi haya ya mtaa. Marehemu aliendelea na kazi. Mwaka 2021 miguu ilianza kuvimba, madaktari wakasema ni moyo. Alinyoosha nguo akiwa amekaa kwenye kiti, mpaka Januari mwaka huu alipolazwa. Mwenyekiti wa sasa alikwenda kumjulia hali, akasimama kando ya kitanda na chupa ya soda.

"Mama, usiwe na wasiwasi. Likitokea la kutokea, mtaa utakusafirisha kwa heshima mpaka kwenu."

"Kwetu wapi, baba?"

"Si kule mlikotoka?"

"Kule nilitoka na meno ya utoto. Atanipokea nani, mawe? Mimi mtanizika kwa mume wangu."

Mwenyekiti alisema nafasi ni chache, zimewekwa kwa wenyeji. Marehemu aligeukia ukutani. Katika ugonjwa wote ule, hiyo ndiyo siku pekee binti yake alipomwona akilia.

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, asubuhi, binti yake akimchana nywele. Kesho yake mwanawe alikwenda kuomba nafasi, akaambiwa arudi baadaye. Akarudi, akaambiwa hivyo hivyo. Aliyemaliza jambo hili ni mama yake Kamanda, bibi kizee sasa. Hakuwa rafiki wa marehemu. Walisalimiana tu, na waligombania kamba ya kuanikia. Jana asubuhi alichukua kigoda chake akakaa kwenye kibaraza cha mwenyekiti. Alipoulizwa anataka nini, alisema, "Nasubiri kaburi la mke wa mlinzi. Wewe endelea na shughuli zako, mimi sina haraka." Wageni wa mwenyekiti wakawa wanaingia wakimruka. Alasiri ruhusa ilitoka. Tunashukuru. Tungeshukuru zaidi kama ingetoka bila kigoda. Na Kamanda, tumeona kwamba umechimba tangu alfajiri. Tumeona.

Marehemu ameacha kaka yake mkubwa, mdogo wake mmoja, binti yake ambaye ni muuguzi, mwanawe ambaye ni dereva wa lori, mkwe, wajukuu watano, na kambi nzima ya watu waliozaliwa naye tarehe mosi Julai, wale waliobaki.

Dada, pumzika kwa amani ubavuni mwa mlinzi wako. Wakikuuliza kwenu ni wapi, usijibu. Tutajibu sisi.