Nuriati Rwekaza, Aliyedhaniwa Ameanguka

Wasikilizaji wapendwa, leo naongea nikiwa nimechoshwa na watu, na mimi mwenyewe nimo humo. Mtanivumilia.

Jumatano iliyopita, Nyamigogo, hapa Biharamulo, tumemzika Nuriati Rwekaza. Afisa ugani. Mama wa watoto wawili. Mwislamu wa swala tano. Na mwanamke aliyeogelea karibu kilomita mbili, akaendesha baiskeli kilomita tisini, akakimbia kilomita ishirini na moja. Kwa siku moja. Narudia: kwa siku moja.

Kuogelea alifundishwa na shangazi yake kule Muleba, ziwani. Baiskeli alifundishwa na kazi. Pikipiki ya ofisi iliharibika mwaka wake wa kwanza, na mpaka anafariki ilikuwa bado "inashughulikiwa". Basi vilima vyote vya Nyabusozi, kukagua mihogo ya watu, alivipanda kwa baiskeli.

Alipoanza mazoezi, maneno nayo yakaanza. Hawa wanasema mwanamke wa Kiislamu kukimbia barabarani ni aibu. Wale wanasema avue hizo nguo ndefu akimbie vizuri. Nilikwenda kwa mama yake, Bi Mwamvita, nikamwamkia, akanieleza: "Walikuwa wanakuja kwangu wote, hawa na wale. Nawaambia, mwanangu ana miaka thelathini na nane, nendeni kwake. Hawaendi. Kesho wako tena mlangoni kwangu."

Mwaka juzi alikwenda kwenye shindano lenyewe, nchi jirani. Alisindikizwa na rafiki yake Bernadetha, mwalimu wa Bukiriro, Ngara. Pale majini msimamizi akamzuia. Vazi lake la kuogelea linafunika mwili mzima, eti hajawahi kuliona. Nuriati akatoa barua ya ruhusa ya waandaaji. Msimamizi akaisoma. Akaigeuza nyuma, hakuna kitu. Akaenda kumtafuta mkubwa wake. Washindani wengine wakaondoka. Nuriati aliingia majini dakika kumi na moja nyuma yao, na muda wa mwisho ulikuwa uleule, saa nane na nusu mchana kwa wote.

Adhuhuri ilimkuta kwenye mbio. Akasogea pembeni, kwenye majani, akaswali. Aliposujudu, mhudumu mmoja akapiga filimbi: ameanguka! Wakaja wanne na machela. Mmoja akammwagia maji mgongoni. Bernadetha anapiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Mwacheni, anaswali!" Hawamsikii. Nuriati akamaliza swala yake, akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, na kushoto ndiko kulikokuwa na mwenye chupa.

"Sijaanguka," akawaambia. "Nilikuwa naongea na Mungu. Nipisheni."

Hawakumpisha. Walitaka kumpima presha kwanza.

Alimaliza zikiwa zimebaki dakika mbili. Bernadetha anasema hakulia wala hakucheka. Alikaa chini, akauliza, "Ndala zangu ziko wapi?"

Mwaka jana titi lilianza kumuuma. Alikwenda zahanati mara tatu. Mara tatu, wasikilizaji, aliambiwa: wewe ni mwanamichezo, hayo ni maumivu ya kuogelea, pumzika. Aliwaambia amejipapasa akakuta uvimbe. Wakamwandikia dawa ya misuli. Alipofika hospitali kubwa, ugonjwa ulikuwa umeshafika mbali.

Sasa nije kwangu. Aliporudi na medali yake nilimwita hapa studio. Kanda ninayo, nimeisikiliza jana. Dakika ishirini na tano za mazungumzo, kumi na nane namuuliza habari za nguo. Mwishoni anasema, "Kaka Gozbert, hujaniuliza hata maji yalikuwa baridi kiasi gani." Na mimi nikacheka, nikasema muda umetutupa mkono, nikaweka tangazo la mbegu.

Sikumuuliza. Mpaka leo sijui.

Kwa Bi Mwamvita, kwa Abdulkarimu, mume wa Nuriati, kwa watoto, kwa mwalimu Bernadetha: poleni sana. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mungu amlaze mahali pema.

Na ninyi mnaonisikiliza, tafakarini hili moja. Nyumbani kwako kuna mwanamke aliyekwambia wiki hii kwamba anaumwa. Ukamjibu amechoka tu. Zima redio. Kamuulize tena ni wapi panamuuma, na safari hii umwamini.