Wiki Mbili za Oktoba: Maisha ya Orville Haugen

Wapendwa katika Bwana, mpendwa wetu Orville Haugen alizaliwa tarehe 14 Novemba 1927 katika shamba la wazazi wake nje ya Decorah, Iowa, akabatizwa katika kanisa hili hili, akasoma hapa mjini hadi alipomaliza sekondari mwaka 1945.

Mwaka 1949 alisajiliwa kuwa mrushaji mpira katika besiboli ya kulipwa, na majira ya baridi ya mwaka huo huo timu ya mpira wa kikapu ikamchukua pia, kwa hiyo kiangazi kikawa cha mchezo mmoja na baridi ya mwingine, na nyumbani zikabaki wiki mbili za Oktoba. Ndani ya wiki hizo, tarehe 7 Oktoba 1950, alifunga ndoa na Verna, wakajaliwa mabinti wawili, Marlys, tarehe 3 Februari 1952, baba akiwa uwanjani Fort Wayne, na Solveig, tarehe 20 Julai 1954, baba akiwa uwanjani Omaha.

Oktoba 1956 Orville aliingia na begi lake, na Marlys, mwenye miaka minne, akauliza mbele yake, "Mama, huyu mgeni anaondoka lini?" Verna, aliyekuwa akimenya viazi, hakugeuka, akasema, "Muulize mwenyewe, mimi huwa haniambii." Orville alikaa na koti lake mwilini hadi viazi vikaiva, kisha akampigia simu kocha wa kikapu kumwambia kwamba harudi. "Utajuta, bwana," kocha akamwambia, naye akajibu, "Huenda."

Hatutasema kanisani kwamba hakujuta, maana Verna anajua kuwa kwa miaka mingi mumewe alisikiliza mechi za kikapu redioni akiwa amesimama, kama mtu anayengoja kuitwa uwanjani, lakini alizisikiliza nyumbani. Besiboli aliicheza hadi bega lilipokataa mwaka 1959, akafundisha michezo shuleni hapa mjini hadi 1989.

Alianza kuugua moyo Agosti 2004, akaomba asilazwe mbali, na asubuhi ya Jumanne, tarehe 8 Machi 2005, alifariki kitandani mwake, mke na mabinti wote wawili wakiwa chumbani.

Tunamshukuru Daktari Amundson na wauguzi, majirani waliotuondolea theluji mlangoni, walimu wenzake, na wazee wanne waliocheza naye, wawili wa besiboli na wawili wa kikapu, ambao leo wamekubali kukaa benchi moja.

Orville, pumzika katika amani ya Bwana, Verna anasema hana haraka, lakini atakuja.