Sifa Yangu Alipewa Mwingine

Mniruhusu nisimame karibu na mlango, ndugu zangu wa kikundi. Aibu ikinishika nataka niwe na pa kutokea. Haya, chekeni, lakini leo sikuja na kichekesho. Nilikaribia kuua mtu, na mtu huyo nyote mnamjua. Jina silitaji. Nyimbo zake mmezicheza hata kwenye harusi za watoto wenu.

Mimi ni mchimba dhahabu kule Macalder. Shimoni hakuna anayekuita jina. Wanavuta kamba, unapanda, wanalegeza, unashuka, basi. Sasa siku moja kulikuwa na sherehe Uriri, na mwimbaji huyo alikuwa anapiga ohangla, ngoma zetu za Kijaluo. Mnajua mambo yetu ya pakruok: unamtuza mwimbaji, ngoma zinanyamaza, unajisifu mbele ya watu. Nikasimama na viatu vyangu vya matope, nikasema, "Mimi ndiye ninayezikwa asubuhi na kufufuka jioni!" Yawa! Akina mama wakapiga vigelegele. Mwimbaji akanishika bega, akayaimba maneno yangu kwa ile sauti yake.

Nawaambia, nilirudi nyumbani mtu mwingine. Nilijua nimepata ndugu. Kila alikopiga nilikwenda, Migori mjini, Homa Bay, popote. Machimboni nikawa siendi. Picha yake nikaibandika juu ya picha yetu ya harusi. Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, huyu mtu anajua hata mlango wetu?" Nikamwambia anyamaze, hajui urafiki wa wanaume.

Halafu ukatoka wimbo mpya. Niko kwa kinyozi, redio inaimba, nasikia: anayezikwa asubuhi na kufufuka jioni. Nikaanza kutabasamu kwenye kioo. Kumbe jina lililofuata si langu! Ni la tajiri mmoja mwenye mabasi, mtu ambaye hata choo hajawahi kuchimba. Kinyozi akasema, "Huyo jamaa amesifiwa, bana." Nikatoka pale nimenyolewa upande mmoja.

Wivu msiuchezee. Watoto wakifungua redio, nawafokea. Na si tajiri niliyemwonea wivu sana, ni mwimbaji mwenyewe, vile watu wanamlilia, vile alivyonifanya mtu kisha akaninyang'anya. Nikawa nawaza: akifa, hatamsifu mwingine tena. Wakimtaja, itabidi wanitaje na mimi. Mnasikia akili hiyo? Na mimi niliona ni haki yangu kabisa.

Nikasikia anapiga Rusinga, mtu anafungua nyumba mpya. Nikatia tindo yangu ya kupasulia mawe ndani ya koti, nikavuka daraja mchana kweupe. Nyuma ya hema nikamkuta peke yake kwenye kiti cha plastiki, sahani ya samaki mbele yake, shati limelowa jasho. Moyo ukaniambia, sasa. Yeye akanyoosha mikono yote miwili. "Omera, ndugu yangu, ninawishe tafadhali. Nina njaa tangu jana."

Birika na beseni vilikuwa hapo miguuni pangu. Mnajua tulivyolelewa. Mtu akikunyooshea mikono umnawishe, humwachi hivyo. Lakini birika linataka mkono, beseni linataka mkono, na mmoja wangu ulikuwa umeshika chuma. Nikaitoa tindo, nikailaza kwenye nyasi. Nikammwagia maji. Vidole vyake vilikuwa na malengelenge ya ngoma.

Akaitazama tindo. "Wewe ni wa machimboni?"

"Ndiyo."

"Pakruok yako ni ipi, nikuimbie baadaye?"

Hakunijua, ndugu zangu! Nilikuja kumuua mtu asiyenijua kabisa. Nikamwambia yale maneno. Akamega samaki. "Ni matamu hayo. Niliyasikia wapi? Nisamehe, nabeba sifa za watu wengi mno. Zangu hakuna anayeziuliza."

Nikalia, birika mkononi. Maskini, akadhani ni njaa. Akanikatia kipande kikubwa cha samaki.

Nilimweleza mke wangu yote jioni ile. Hakupiga kelele. Aliichukua tindo, akaitia sandukuni, akafunga, akanileta kwenu. Asante mama mshauri, wewe uliniambia usoni kwamba sikumpenda mwimbaji, nilipenda vile nilivyojiona alipokuwa ananiimba. Nilikuchukia wiki nzima kwa neno hilo. Asanteni wanaume wa kikundi hiki, mliokuwa mkija kukaa nami kila mkisikia ngoma zake ziko karibu.

Ninachowaomba ni kimoja. Mkimwona mtu anampenda mgeni wa mbali kuliko nyumba yake, msimcheke. Kaeni naye, mumuulize habari, mumwite jina.

Nimerudi shimoni. Tindo usiku anaitunza mke wangu. Kila asubuhi anafungua sanduku, ananitazama machoni, ananiita jina langu lote, la kwangu na la baba yangu, ndipo ananipa. Jioni nikirudi na matope yangu, ananyoosha mkono mlangoni, ananiita tena. Nami naitika, namrudishia.