Maji ya Nyumbani Kwenye Meza ya Mgeni

Risala ya wakaaji wa mlima ulio juu ya soko la Nyawera, Bukavu, iliyosomwa na Maman Georgette

Mgeni rasmi, Papa Bourgmestre, mkuu wa eneo letu, pamoja nanyi nyote mliopanda naye,

KARIBU KWETU

Sisi wakaaji wa mlima huu tunakusalimu kwa furaha kubwa. Gari lako limebaki chini na umepanda kwa miguu kama sisi. Viatu vyako tumeviona, Papa, na tunakupa pole. Wengi waliotuahidi kufika waliishia barabarani. Wewe umefika, na mioyo yetu imetulia.

TULIKOTOKA

Unajua desturi ya mji wetu. Mgeni akiingia, hapewi maji ya robinet, ya bomba. Anapewa chupa ya dukani, tena inafunguliwa mbele ya macho yake, asikie kifuniko kikikatika. Ndiyo heshima. Basi kila nyumba hapa ilikuwa na chupa moja kabatini, imefungwa, inangoja mtu. Sisi wenyewe na watoto wetu tulikunywa ya bidon, maji ya bomba tuliyoyaweka kwenye dumu, hata siku ambazo mvua imeyageuza rangi, kwa sababu makaa ya kuchemshia hayakutosha kila siku.

Maman Christine, aliyekaa pale mbele, ametupa ruhusa ya kusema haya, ila ameomba tusimwangalie. Mjukuu wake Larissa alishikwa na tifoide, homa ya matumbo. Akiwa kitandani, midomo imekauka, alionyesha kabati kwa kidole.

"Ile iko ya bageni, mutoto wangu," koko yake akamwambia.

"Koko, basi leo mimi nikuwe mugeni."

Maman Christine aliifungua palepale, akamnywesha huku analia. Tunamshukuru Mungu, Larissa alipona. Lakini neno lake lilizunguka mlima mzima, na hakuna mzazi ambaye halikumchoma.

TULICHOFANYA

Tulianza kukutana kwa Maman Christine kila Jumapili baada ya misa. Josué, fundi wetu wa mabomba, alitufundisha kutengeneza filtre: ndoo mbili, moja juu ya nyingine, na katikati bougie ya udongo inayochuja maji polepole. Tulisaidiana nyumba kwa nyumba mpaka kila familia ikapata yake. Siku hizi watoto hawaumwi tumbo ovyo. Na maji yenyewe ni matamu, Papa, hatujisifu bure.

KINACHOTUSUMBUA

Papa Zagabe, jirani yetu, alipokea wakwe waliokuja kuposa binti yake. Aliwawekea maji ya filtre, tena kwa glasi zake nzuri. Wale watu walishukuru kwa adabu, hawakugusa. Glasi zilibaki zimejaa mpaka walipoondoka. Ndoa itafungwa, hilo halina shida, lakini aibu ile ilitupata sote. Tangu hapo chupa zimerudi makabatini, na ndoo kadhaa sasa zinatumika kufulia nguo.

Larissa naye ana macho. Wiki hii aliuliza sababu ya kuyanywa, "Koko, kama bageni banaogopa maji yetu, miye nikunywe juu ya nini?" Ameyakataa kabisa. Anavumilia kiu hadi shuleni, akanywe maji yasiyochujwa kwenye robinet pamoja na wenzake. Koko yake amembembeleza, ameshindwa. Tunaogopa, Papa. Mtoto huyu tulimrudisha kwa shida, na tunampenda kama wetu sote.

OMBI LETU

Habari ya mabomba mabovu tumeiandika kando, itakufuata ofisini. Leo tuna ombi moja tu. Meza yako haina chupa, na tumewaona wasaidizi wako wakiitafuta kwa macho. Hatukusahau. Kilicho mbele yako ni glasi ya maji kutoka ndoo ya Maman Christine. Aliyachuja leo asubuhi, na sisi sote tumeyanywa kabla hujafika.

Mungu akubariki, akulinde ukishuka mlima, na akupe nyumba ambamo mtoto na mgeni wanakunywa maji mamoja.

Hatukuombi hotuba ndefu. Tunaomba unywe, Papa, polepole, mpaka chini. Larissa amekaa miguuni pa koko yake, na anaangalia mkono wako.

Ni sisi tunaokupenda,
Wamama na wapapa wa Kikundi Tunywe Kwetu