Gari Lililokwenda Kushoto

Kwa miaka kumi na tisa nimeficha sababu ya gari la Mzee Humphrey Lyimo kwenda kushoto siku lilipotakiwa kwenda kulia. Leo, tarehe 30 Juni 2025, Ethel Zabroni Mtipa anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Tumaini hapa Masasi kwa miaka thelathini na minne kamili. Mimi, Cuthbert Nanguka, niliyekuwa mkuu wake kwa miaka kumi na saba ya mwanzo, nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya kitabu cha sherehe. Daktari ameniambia moyo wangu umechoka. Kwa hiyo nitaandika wasifu wote, pamoja na kipande kinachonihusu.

Ethel, ambaye wengi tunamwita Mama Queen, alizaliwa Lisekese mwaka 1965, binti wa katekista. Alijifunza ufundi wa magari Ndanda, akaja kwetu akiwa na cheti, ovaroli moja na barua ya kasisi. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika spana katika karakana yetu, na wiki ile ya kwanza mafundi walimtuma chai mara nne kwa siku. Siku ya tano alirudi na birika, akaliweka chini kando ya Land Rover iliyowashinda watu watatu tangu asubuhi, akasikiliza injini, akasema, "Jamani, mnaionea kabureta bure. Hii inavuta hewa kwenye gasketi." Kisha akamimina chai. Ilikuwa gasketi. Kuanzia siku hiyo kila fundi alijifuatia chai yake mwenyewe.

Hakuwahi kupoteza nati. Alikuwa na bao kuukuu la marehemu babu yake, na kila nati aliyoifungua aliiweka kwenye shimo lake, kwa mpangilio wa kufunguliwa. Vijana walimtania, "Mama Queen, leo kashinda nani?" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Asiyebakiwa na nati mkononi wakati gari limeshafungwa."

Mwaka 2006 ndio uliompa jina, baya kwanza, jema baadaye. Mzee Humphrey alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mtu wa Kilimanjaro aliyeletwa Newala kikazi na kukataa kuondoka. Alikuwa na gari la spoti la mwaka 1970, jekundu, la milango miwili, ambalo watoto wa Newala walilijua kwa mlio kabla halijaonekana. Usukani wake ulikuwa wa kawaida, wa nguvu za mikono. Mabega yalipoanza kumuuma, kona za kupandia Newala zikamshinda. Mkewe, Mama Sia, alikuja naye karakana akamwambia mbele yetu sote, "Baba Trevor, ama usukani uwe mwepesi, ama gari liuzwe mwezi huu. Mnunuzi yuko Dar anasubiri simu. Mimi sitaki kuzikwa konani."

Mzee hakubisha. Aliliangalia gari, halafu akatuangalia sisi.

Tukaamua kulifungia pawa stelingi. Hapa Masasi hakuna aliyekuwa amewahi kuifanya kazi hiyo kwenye gari la namna ile. Pampu tuliitoa kwenye pikapu iliyokufa, na Ethel akaitengenezea mabano, vyuma vya kuishikilia, kutoka bamba la jembe la trekta, ili mkanda wa injini uizungushe bila kupinda. Raki, yaani chuma chenye meno kinachosukuma magurudumu ya mbele kulia na kushoto, niliichagua mimi mwenyewe kutoka kwenye gari dogo lililopata ajali. Niliichagua kwa kuiangalia tu. Nilikuwa na uzoefu wa miaka mingi, na niliona kupima ni kazi ya wanafunzi.

Ethel alipima. Alichora kwa chaki sakafuni, magurudumu mawili na ekseli, akaniita. "Baba Lois, hii raki imetoka kwenye gari ambalo raki yake inakaa nyuma ya ekseli. Kwa Mzee inakaa mbele. Tukiiacha hivi, ukigeuza usukani kulia, gari litakwenda kushoto. Tuigeuze juu chini, tutengeneze mabano mengine." Raki ilikuwa imeshafungwa, kwa mikono yangu. Nilimwambia aniachie, nitaigeuza. Saa ile ile akaletewa habari kwamba mama yake mdogo amefariki Lukuledi, akaenda msibani siku tatu.

Alirudi Ijumaa asubuhi, siku ya kukabidhi, bado amejifunga kitenge cha msibani. Mzee Humphrey na Mama Sia walikuwa wameshafika, wamevaa kama watu waendao kanisani. Nilikuwa nimeshalishusha gari kwenye jeki. Ethel akaingia, akawasha, akalitoa polepole hadi getini, akageuza usukani kulia kuelekea barabara ya Newala. Gari likaelekea kushoto, tena kwa wepesi ule ule tuliouahidi, likapanda jamvi la Bi Faudhia aliyekuwa ameanika makopa yake kando ya ukuta wetu. Mihogo mikavu ilipasuka chini ya matairi kama fataki. Taa moja ya mbele ikavunjika. Hakuna aliyeumia.

Bi Faudhia alishika kiuno. "Ethel! Gari lenu lina njaa? Si mngesema, ningelipikia ugali!"

Barabara nzima ilicheka. Mzee Humphrey hakucheka. Alimwambia mkewe taratibu, "Haya, mpigie yule wa Dar."

Ethel akashuka, akaenda kusimama mbele ya mzee, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba. Nipe siku tisa." Mzee akaitikia marahaba, akampa. Siku ya nane raki ilikuwa imegeuzwa, mabano mapya yamechomelewa, na Bi Faudhia amerudishiwa makopa, debe kwa debe, kutoka shamba la Ethel mwenyewe. Siku ya tisa Mzee alipanda Newala akiushika usukani kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa akipungia watu. Gari halikuuzwa. Mzee aliliendesha kila Jumamosi kwa miaka kumi na mitatu hadi alipofariki, na sasa linaendeshwa na Mama Sia, mwenye umri wa miaka sabini na minne. Leo amekuja nalo. Mtaliona nje, limeoshwa.

Hata hivyo bodi ya karakana ilitaka kujua nani alizembea. Barua ya onyo ikaandikwa kwa jina la Ethel, kwa kosa la kuliendesha gari bila kukagua usukani. Niliisaini mimi. Vijana wakampa jina la Mama Kinyume. Mwaka 2008 nilipostaafu, barua ile ilisomwa kikaoni na ukuu wa karakana ukapewa mtu mwingine. Ethel alisubiri hadi mwaka 2016.

Katika kusubiri huko alifunga pawa stelingi kwenye magari kumi na manne zaidi: malori ya korosho, gari la zahanati, hata Land Rover ya kasisi mmoja mwenye mkono uliopooza. Mchoro wake wa chaki sasa umepakwa rangi ukutani, na kila mwanafunzi huanza nao. Amefundisha mafundi arobaini na watatu, tisa kati yao wanawake, na hakuna hata mmoja anayefunga raki bila kupima.

Mwezi uliopita alikuja kunijulia hali na mapapai mawili. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kujitetea. Akamenya papai kwanza. Kisha akasema, "Ulikuwa mkubwa wangu, Baba Lois. Na gari si linatembea?"

Nimemwandikia mwenyekiti wa bodi, Mchungaji Barnaba, nikimwomba barua ile itolewe kwenye jalada la Ethel leo, kabla ya pilau, na karatasi hii iwekwe mahali pake. Uzembe haukuwa wake.

Mama Queen, karakana inakushukuru kwa mikono yako, kwa masikio yako, na kwa bao la babu yako ambalo umekubali tubaki nalo. Pumzika Lisekese, ukapande mihogo ambayo hakuna gari litakaloikanyaga. Wajukuu wakuzunguke, na kila njia unayoishika ikupeleke unakotaka kwenda. Ndivyo tunavyokuombea sote.

Limebaki neno moja, na ni la kwangu. Ijumaa ile, kabla hajaushika mlango wa gari, Ethel aliniuliza swali moja tu: "Baba Lois, uliigeuza raki?"

Nilimjibu, "Niliigeuza, mwanangu. Panda."

Sikuwa nimeigusa.