Risala ya Askari Wastaafu wa Gongo la Mboto kwa Daktari Waliyemjua kwa Sauti Tu

Mgeni rasmi, Daktari Demetria. Viongozi wa kata. Wake na wajane wa askari:

MAKARIBISHO

Karibu Gongo la Mboto. Kwa miezi kumi na minne tumekujua kwa sauti tu. Leo, Agosti 1994, tunaona kwamba umri wako ni mdogo kuliko tulivyodhani.

HISTORIA

Sisi ni askari kumi na mmoja tuliorudi kutoka Vita vya Kagera. Usingizi wetu haukurudi nasi. Kwa kuwa hospitali iko mbali, na foleni yake inamtangaza mtu kwa majirani, ulituwekea huduma ya simu katika ofisi ya kata: kila Alhamisi, dakika kumi kwa kila mmoja.

MAFANIKIO

Hakuna aliyekosa zamu yake. Wapo walioipenda njia hii kwa sababu simu haina macho. Shomari alisema kwamba angeweza kulia bila kuonekana. Hakulia, lakini anakushukuru.

MATATIZO

Umekuja kuifunga huduma hii, kwa kuwa taarifa zako zinaonyesha kwamba wote tumepona. Inatupasa kukiri mbele yako: taarifa hizo ni za uongo, na uongo huo ni wetu.

Tunamtaja Koplo Theonest kwa idhini yake. Vitani alikuwa mtu wa redio ya upepo, akafundishwa kwamba hewani askari hatangazi majeraha. Kila Alhamisi alichomekea shati, akasimama wima mbele ya meza, akakujibu, "Hali shwari." Kisha akaiweka simu chini, dakika tisa zikiwa bado zake.

Mwezi Machi mwenzetu Twaha alimuuliza, "Koplo, unaongea na daktari au unaripoti kwa Brigedia?"

"Hewani husemi jeraha. Adui anasikiliza."

"Adui gani, ndugu yangu? Yupo Munira karani tu, na anamenya chungwa lake."

Theonest hakucheka. Alirudi kwake, nyumba ambayo mkewe Jovina alikuwa ameihama tangu Krismasi, amechoka kuamshwa kwa amri za vita. Aliwasha redio ili pawe na mtu anayezungumza. Maneno aliyokusudia kukuambia alikuwa nayo yote. Aliyasema huko jikoni, moja baada ya jingine, akiitazama sufuria.

Sisi tuliomcheka tuliingia kwa zamu zetu, tukakujibu vilevile.

MAOMBI

Tunaomba simu isifungwe. Tunaomba pia kwamba, kabla ya simu, kila mmoja wetu akuone uso kwa uso walau mara moja, mlango ukiwa umefungwa. Hatuombi gari wala posho.

Chai yako iko tayari, lakini tunakusihi ichelewe kidogo. Koplo Theonest yuko peke yake mstari wa nyuma, karibu na dirisha. Ametuagiza tusisome habari zake kupita hapa; zilizobaki atazisema mwenyewe. Tumekuwekea kiti kando yake.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, na awajalie usingizi wote walioukosa.

Ni sisi, Umoja wa Askari Wastaafu, Gongo la Mboto.
Imesomwa na Sajenti mstaafu Adelard, Katibu.